Kariakoo na Tumbo la Mpagazi

Wasomaji wetu, kila siku makondakta wa magari ya Dar es Salaam huita "Kariakoo! Kariakoo!", na abiria hupanda bila kuuliza jina hilo lilizaliwa wapi. Si jina la Kizaramo, wala la Kiarabu, wala la Kihindi. Ni maneno ya Kiingereza, Carrier Corps, yaani Kikosi cha Wapagazi, yaliyopita katika vinywa vya Waswahili hata yakalainika. Huko Nairobi nako jina lilo hilo limebaki, na watu wa kule hulitamka Kariokor. Asili ya majina yote mawili ni kambi za watu waliobeba mizigo katika Vita Vikuu vya mwaka 1914 hata 1918.

Twataka kusimulia habari za watu hao, lakini hatutafuata njia ya majemadari. Vitabu vya majemadari ni vingi, navyo vyaeleza ni nani aliyevuka mto gani siku gani. Sisi tutafuata tonge la ugali, tangu linapotiwa kinywani hata mwisho wa safari yake, maana wengi wa wapagazi wale hawakuona risasi. Walikufa kwa matumbo yao, na asiyejua kazi ya tumbo hawezi kufahamu vifo vile vilitokeaje.

Kwanza yafaa tujue kwa nini watu walibebeshwa mizigo kama punda. Vita vilipoanza mwezi wa Agosti 1914, Wajerumani walikuwa wakitawala Tanganyika, na Waingereza walikuwa Kenya, Uganda na Unguja. Majeshi yalipoingia porini yalikuta adui wa tatu, naye ni mbung'o. Farasi, nyumbu na ng'ombe wa jeshi la Jemadari Smuts walikufa kwa maelfu mwaka 1916. Motokaa zilizama matopeni wakati wa masika. Njia za reli zilikuwa mbili tu, ile ya Tanga na ile ya kati, na Wajerumani walivunja madaraja kila waliporudi nyuma. Kikabaki kichwa na mabega ya mwanadamu.

Wanafunzi na wachukue kalamu. Tuseme mpagazi abeba ratili 50 za unga, naye ale ratili mbili kila siku. Siku ya ishirini na tano mzigo umekwisha, na askari aliye mbele hajapata hata kibaba. Ndiyo sababu askari mmoja alihitaji wapagazi wengi nyuma yake, na wapagazi hao wakahitaji wapagazi wengine wa kuwalisha. Na kadiri njia ilivyozidi kurefuka, ndivyo mkubwa wa posho alivyozidi kujaribiwa kupunguza chakula cha yule yule aliyekibeba. Hesabu hii ndogo yaeleza vita vile kuliko ramani nyingi.

Watu waliochukuliwa kwa kazi hiyo upande wa Waingereza hukadiriwa kuwa karibu milioni moja kwa miaka yote ya vita. Wako waliokuja kwa hiari, hasa hapo mwanzo. Lakini katika mwaka 1917 Bwana John Ainsworth alipewa amri ya kukusanya watu katika Kenya, na kwa miezi michache wakapatikana kama 120,000, wengi wao kwa nguvu. Vifo vilivyoandikwa katika vitabu vya Serikali ni zaidi ya 40,000. Wanahistoria waliochungua baadaye wasema kwamba hesabu ya kweli yakaribia laki moja, au yapita. Upande wa Wajerumani nako wapagazi walikufa kwa wingi, ila huko hapakuwa na daftari la kuaminika.

Dar es Salaam iliingia mikononi mwa Waingereza mwezi wa Septemba 1916, ikawa bandari kubwa ya jeshi. Nyuma ya mji, mahali ambapo Wajerumani walikuwa wamejenga jengo kubwa la soko ambalo halijawahi kutumika, ikawekwa kambi ya wapagazi. Hapo walikutana Wanyamwezi na Wakikuyu, Waganda na Wakamba, Wasukuma, Wajaluo, na watu wa pwani. Walipokelewa, wakahesabiwa, wakapewa blanketi na posho, kisha wakapelekwa bara kwa reli au pwani ya kusini, Kilwa na Lindi, kwa meli. Waliorudi walirudi hapo hapo, na wengi wao walirudi wakiwa wagonjwa.

Ugonjwa ulioongoza katika kuua, mbele ya malaria na mbele ya homa ya mapafu, ulikuwa kuhara damu. Mkuu wa wapagazi, Bwana Oscar Watkins, mtu aliyejua Kiswahili na aliyewatetea wapagazi wake mbele ya majemadari, hakuwa na shaka juu ya sababu kubwa iliyofungua mlango wa maradhi hayo. Ilikuwa unga wa mahindi usioiva.

Hapa msomaji atashangaa. Unga wa mahindi? Si ndicho chakula chetu cha kila siku? Naam, ndicho. Basi na tulifuate lile tonge.

Kazi ya kulainisha chakula huanza jikoni kabla ya kufika kinywani. Katika punje ya mahindi mna wanga, na wanga huo umefungwa katika chembe ndogo ngumu, zisizoonekana kwa macho. Maji ya moto huingia katika chembe hizo, zikavimba hata zikapasuka. Kila apikaye uji amekwisha kuliona jambo hili: maji na unga huzunguka sufuriani vikiwa vyepesi, kisha kwa ghafula uji huwa mzito. Wakati ule ndipo chembe zinapopasuka. Kabla ya hapo unga ni kama sanduku lenye kufuli. Chakula kimo ndani, lakini mwili hauna ufunguo mzuri wa kulifungua.

Kinywani meno husaga, na mate hulainisha. Katika mate mna kitu kiitwacho kimeng'enya, nacho hukata wanga kuwa sukari. Mtoto wa shule aweza kujaribu mwenyewe: atafune kipande cha muhogo uliopikwa, asimeze upesi, naye ataona utamu ukizidi kinywani. Kisha tonge humezwa, likapita katika umio. Halianguki kama jiwe kisimani. Kuta za umio hulisukuma kwa kujibana nyuma yake, hata mtu akimeza huku ameinamisha kichwa chini chakula kitapanda.

Likifika katika mfuko wa tumbo, hukaa humo kama saa mbili hata nne, likikorogwa na kuchanganywa na maji makali ya asidi. Asidi hiyo huvunja nyama na maharage, tena ni askari wa zamu mlangoni, kwa kuwa huua vijidudu vingi tumezavyo pamoja na chakula na maji. Si vyote. Kwa miaka mingi waganga walidhani hakuna kijidudu kiwezacho kuishi ndani ya asidi ile, hata mwaka 1984 daktari wa Australia, Barry Marshall, alipokunywa kwa makusudi bakteria waliotolewa katika tumbo la mgonjwa, akaugua tumbo mwenyewe, ili aonyeshe kwamba bakteria hao ndio waletao vidonda vya tumbo kwa watu wengi. Alipewa tuzo ya Nobel pamoja na mwenziwe Robin Warren mwaka 2005. Hatumshauri mwanafunzi yeyote kumwiga.

Lakini watu walijuaje yanayotendeka ndani ya mfuko huo, hali umefunikwa na ngozi na nyama? Yafaa tuache Kariakoo kidogo tuvuke bahari, kwa maana mtu aliyefungua elimu hiyo alikuwa naye mpagazi.

Jina lake Alexis St. Martin, kijana wa Kanada, kibarua wa wafanyabiashara wa ngozi, aliyepiga makasia na kubeba mizigo ya ngozi za wanyama. Tarehe 6 Juni 1822, katika kisiwa cha Mackinac huko Marekani, bunduki ya mtu ilifyatuka kwa bahati mbaya karibu naye, ikampasua ubavu hata mfuko wa tumbo. Daktari wa jeshi, William Beaumont, alimtibu asitumaini kwamba ataishi. Akaishi, ila tundu halikuziba. Mtu aliweza kutazama ndani ya tumbo lake kama atazamavyo katika mtungi. Beaumont akaanza kufunga vipande vya nyama, mkate na kabichi kwa uzi wa hariri, akavitumbukiza, akavitoa baada ya saa moja, mbili, tatu, akaandika alichokiona. Kwa miaka kadha alifanya majaribio zaidi ya 200, akachapisha kitabu mwaka 1833. Ulimwengu ukajua kwa hakika kwamba tumbo haliozeshi chakula wala halikisagi tu, bali hukiyeyusha kwa maji yake.

Aliona jambo jingine linalotuhusu sana. St. Martin alipokasirika, kazi ya tumbo lake iliharibika. Naye alikuwa na sababu za kukasirika. Alikuwa maskini, mbali na kwao, na tumbo lake limekuwa darasa la mtu mwingine. Zaidi ya mara moja aliondoka akarudi kwao Kanada. Alipokufa mwaka 1880, jamaa zake waliuweka mwili wake nyumbani siku nyingi makusudi uoze, ili waganga wasiutamani tena, ndipo wakauzika. Sisi twawaelewa jamaa wale.

Na turudi kwa tonge letu. Likitoka mfukoni huingia katika utumbo mwembamba, nao ni mrefu, kama mita sita kwa mtu mzima, umekunjwa kunjwa kama kamba ya kisima. Hapo mwanzo wake hukutana na nyongo itokayo katika ini, iyeyushayo mafuta, na maji ya kongosho, yenye vimeng'enya vya kumaliza kazi iliyoanzwa na mate. Kuta za utumbo huo hazikuwa laini kama mpira. Zimejaa vidole vidogo sana mfano wa manyoya ya zulia, na kwa vidole hivyo sukari, chumvi na nguvu za chakula huingia katika damu. Mabaki huendelea katika utumbo mkubwa, mfupi na mpana, kama mita moja na nusu, ambako maji hunywewa na mwili na kinyesi hukauka.

Jambo la maji twataka msomaji alishike sana. Kila siku matumbo yetu hupokea kama lita tisa za maji. Lita mbili hivi ni za kunywa na za chakula. Nyingine saba hutoka mwilini mwenyewe, ni mate, asidi, nyongo na maji ya kongosho na ya utumbo. Lita tisa ni nusu ya debe. Katika nusu hiyo ya debe, mtu mzima mwenye afya hupoteza kwa kinyesi kama kikombe kimoja kidogo au pungufu. Yote mengine hurudishwa katika damu. Utumbo ukishindwa kurudisha hata robo yake tu, mtu huanza kukauka.

Sasa twaweza kuingia katika kambi ya njiani, jioni, mahali fulani kati ya Morogoro na mto Rufiji, mwanzo wa mwaka 1917. Masika yalikuwa makubwa mwaka ule, na Rufiji ulifurika. Mpagazi amebeba mzigo tangu alfajiri. Amefika jua limekuchwa, na mvua yanyesha. Amepewa unga wake. Unga huo umesagwa kwa mashine kwa haraka, mkavu, mzito wa makapi, na magunia yamekwisha kulowa na kukauka mara nyingi. Kuni ni mbichi. Sufuria ni chache, au zimeachwa nyuma. Kesho ataondoka kabla ya mapambazuko. Atafanya nini? Atakoroga unga katika maji ya uvuguvugu, au ataupika hata njaa imshinde, ale uji ambao haujawa mzito.

Wanyamwezi wa misafara ya zamani hawakula hivyo. Karne nzima kabla ya vita walikuwa wakienda pwani na kurudi, kazi ya upagazi ikawa kwao kazi ya heshima yenye desturi zake. Wapagazi walijigawa katika vikundi vidogo, kila kikundi kina chungu chake, na walipofika kituoni mmoja alikwenda kuteka maji, mwingine kuni, mwingine akapika. Safari zilipangwa hivi kwamba watu watue mapema na chakula kiive. Jeshi liliwachukua watu, lisichukue desturi. Tena wengi wa watu wapya hawakuwa wapagazi kamwe. Muganda alizoea ndizi zilizofunikwa kwa majani na kuiva kwa mvuke. Mkikuyu alizoea kunde, viazi na nafaka zilizochemshwa pamoja kwa saa nyingi. Mtu wa pwani alizoea wali na muhogo. Hata aliyezoea mahindi aliyajua yale ambayo mama au mke ameyatwanga, ameyapepeta, akatoa kumvi, akayaloweka, akayatwanga tena.

Twasema haya tusije tukadhaniwa twalaumu makapi. Dona iliyopikwa vizuri ni chakula bora, yenye nguvu kuliko sembe. Shida haikuwa kumvi peke yake. Ilikuwa kumvi ngumu pamoja na wanga usiopasuka, ndani ya tumbo lililochoka na lisilozoea.

Tonge la namna hiyo lapitaje? Mate hayakufungua sanduku, wala asidi, wala maji ya kongosho hayakulifungua lote. Sehemu ya wanga mbichi hupita mita sita za utumbo mwembamba bila kuvunjwa, ikaanguka katika utumbo mkubwa. Humo mnaishi bakteria wasiohesabika, wengi wao rafiki zetu, nao huushambulia. Hutokea gesi na asidi, tumbo hujaa na kusokota, na maji yaliyopasa kunywewa na mwili huvutwa kubaki ndani. Mtu huhara. Bado hajaambukizwa ugonjwa wowote. Amelishwa vibaya tu. Nguvu ya unga haikuingia yote katika damu yake, hata ingawa daftari la posho laonyesha kwamba amekula. Siku kumi za hali hiyo, na mzigo kichwani, humkondesha mtu mwenye maungo makubwa.

Na hofu nayo ilikuwamo. Mtu aliyekamatwa usiku katika kijiji chake, akatembezwa mwezi mzima asijue aendako, tumbo lake halitulii. Yale aliyoyaona Beaumont kwa St. Martin, yangaliweza kuonekana katika kila hema la wapagazi.

Ndipo vijidudu vikaja kumaliza. Kambi ya maelfu ya watu wanaohara, mvua yanyesha, vyoo havitoshi, na mto wa kuteka maji uko chini ya mteremko. Hakuna haja ya kueleza zaidi. Kuhara damu kuna namna mbili kubwa. Moja huletwa na amiba, kiumbe kidogo chenye kuchimba vidonda katika utumbo mkubwa. Ya pili huletwa na bakteria ambao Mjapani Kiyoshi Shiga aliwagundua mwaka 1897. Namna zote mbili huingia kwa kinywa na kutoka kwa kinyesi, na zote huharibu kuta zile za utumbo mkubwa ambazo kazi yake ni kurudisha maji. Askari wa zamu, yaani asidi ya tumbo, hudhoofika kwa mtu mwenye njaa ya siku nyingi, na vijidudu vya Shiga hupenya hata vikiwa vichache sana. Mpagazi aliyekuwa amekwisha kukonda hakuwa na akiba ya kupigania.

Je, waganga wa wakati ule hawakujua? Walijua mengi. Robert Koch, Mjerumani aliyetambua kijidudu cha kipindupindu katika Misri na Bara Hindi mwaka 1883 na 1884, alikaa na kufanya kazi papa hapa Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898. Kitabu cha Shiga kilikuwa cha miaka ishirini. Kwa kuhara damu kwa amiba dawa ya emetini ilikuwa ikitumika tangu mwaka 1912. Hata upande wa upagazi elimu ilikuwapo mjini: Sewa Haji Paroo, tajiri wa Bagamoyo, ambaye fedha zake zilitoa hospitali ya watu wa kawaida katika Dar es Salaam, alitajirika kwa kuandaa misafara, naye alijua vema mpagazi ahitaji nini ili afike. Yaliyokosekana ni sufuria, kuni kavu, saa mbili za kupumzika kabla ya giza, na mkubwa wa kuyadai. Haya ni mambo madogo, na hatuoni aibu kuyaita sababu kubwa.

Ushahidi ni kwamba yalipotengenezwa, hata kwa kuchelewa, hali ilibadilika. Katika mwaka 1917 na baada yake waliwekwa wapishi wenye kazi ya kupika tu, vyungu vikubwa vikatolewa, chakula kikaiva kwa watu wengi pamoja, na hospitali za wapagazi zikaongezwa. Kutoka Uganda kilikuja kikosi cha vijana wa Kiafrika waliosoma shule, kilichoundwa mwaka 1917 kwa kazi ya uganga, wakawauguza wagonjwa kwa mikono yao. Kwa sisi waalimu habari ya vijana hao ni tamu, kwa maana waliacha madaftari yao wakashika ndoo na vitanda vya wanaohara damu, kazi ambayo wengi huikimbia. Lakini kwa maelfu waliokwisha kuzikwa kando ya njia za Rufiji, wapishi walifika wamechelewa.

Lipo jambo moja ambalo kweli halikujulikana na mtu yeyote mwaka 1917, nalo ndilo lingaliokoa wengi hata baada ya kuugua. Twaweza kulieleza kwa ufupi. Utumbo mwembamba una milango ambayo chumvi na sukari huingia pamoja. Moja peke yake husitasita, zikija mbili mlango hufunguka, na maji hufuata nyuma yao. Robert Crane wa Marekani alieleza milango hiyo mwaka 1960. Huko Dhaka mwaka 1968 waganga walijaribu kuwanywesha wagonjwa wa kipindupindu maji yenye chumvi na sukari, wakapona. Mwaka 1971 vita vya Bangladesh vilipowakimbiza watu kwa mamilioni, daktari Dilip Mahalanabis akaishiwa na chupa za maji ya mishipani katika kambi ya Bongaon. Akawapa wagonjwa mchanganyiko ule wanywe kwa vikombe, wakinyweshwa na jamaa zao wenyewe. Vifo vilivyokuwa kama 30 katika kila wagonjwa mia vikashuka chini ya 4.

Kipimo chake kila nyumba yaweza kukishika: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Chumvi isizidi. Mgonjwa anywe kidogo kidogo, mara kwa mara, hata kama anatapika. Mtoto anyonyaye aendelee kunyonya. Na pakiti za dawa zikipatikana zahanati zitumiwe hizo. Anayehara damu, au anayezidi kulegea na kukosa mkojo, apelekwe kwa mganga upesi.

Mji uliozaliwa juu ya kambi ile haukuepuka maradhi ya tumbo. Kipindupindu kilikuwa kimepita pwani hii zamani, na daktari James Christie aliyekuwa Unguja wakati wa tauni ya 1869 na 1870 aliandika kitabu kizima juu ya njia zake, akaonyesha kwamba kilifuata misafara na majahazi. Kilirudi tena Tanzania miaka ya 1970, na mwezi wa Agosti 2015 kilizuka Dar es Salaam kikaenea mikoa mingi. Njia yake ni ile ile ya kambini, kinyesi kuingia katika maji ya kunywa, ila kwa kipindupindu ni utumbo mwembamba unaofungua bomba, na mtu aweza kumwaga nusu ya debe kabla ya jua kuchwa.

Vita vilipokwisha wapagazi waliosalia walirudishwa makwao. Wengine hawakurudi, walijenga vibanda papo hapo nyuma ya uwanja wa Mnazi Mmoja, na jina la kambi likawa jina la mtaa. Mwaka 1923 jengo lile la Wajerumani, lililokuwa limelaza wapagazi, likafunguliwa kuwa soko. Baada ya uhuru likavunjwa, na mahali pake pakajengwa soko jipya lililobuniwa na Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975. Juu ya udongo ule yakauzwa maharage, ndizi, mchele, dagaa, mchicha, na katika mitaa ya kandokando sufuria za kila ukubwa zikapangwa hata barabarani.

Katikati ya mji, mwaka 1927, iliwekwa sanamu ya askari mwenye bunduki. Maandishi yake, kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yawataja pia wapagazi, lakini jina la mpagazi hata mmoja halimo. Mwezi wa Aprili 2021 kamati ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vile, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuwekewa ukumbusho kwa majina yao, na tume ikaomba radhi. Kazi ya kutafuta majina katika madaftari ya zamani ikaanzishwa. Mzee yeyote mwenye habari ya babu aliyechukuliwa kwenda kubeba mizigo ya vita, na kijiji alichotoka, na awaambie wajukuu wake waiandike, pamoja na jina la baba yake.